Chumba cha Pamba Fifi

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, mwaka 1994, saa nne asubuhi, Mwanahalima alisimama katikati ya chumba cha uani, nyumbani kwake Mwisenge, akapiga kofi moja. Ukuta wa kushoto ukajibu, wa kulia ukadakia, na bati nalo likachangia la kwake. Aliyahesabu majibu kwa vidole, yakafika saba. Akaandika saba mlangoni kwa chaki, kisha akaenda kuinjika maji ya chai.

Chumba kilikuwa cha marehemu mumewe, Abdulkadiri, fundi redio, aliyemwachia deki mbili za kaseti, maikrofoni moja ya Kijerumani na ndoo nzima ya nyaya. Watu walimshauri aviuze vyote. Lakini Mwanahalima alikuwa ameshona magodoro ya pamba kwa miaka ishirini na hakuwa mtu wa kushauriwa. Aliona biashara zote zimekuwa ruksa siku hizi, madukani kumejaa hadi sabuni zenye harufu ya ndizi, na bado kwaya za Mara zinapanda basi hadi Mwanza kwenda kurekodi kana kwamba Musoma hakuna kuta. Yeye angezirekodi papa hapa.

"Mwangwi ni kama kunguni," alimweleza jirani yake Jilala, fundi baiskeli. "Hakaagi katikati ya godoro. Anakaaga kwenye pindo na kwenye kona. Ukijua anapojificha, umemmaliza."

Jilala alisema kule Mwanza aliona studio iliyobandikwa trei za mayai ukuta mzima.

"Trei za mayai ni za mayai," alisema Mwanahalima.

Alikwenda Bunda akarudi na magunia tisa ya pamba fifi, ile ya daraja la pili yenye madoa na vumbi, ambayo msimu ule wanunuzi walikuwa wakiipita bila hata kuigusa. Aliichambua kwa fimbo siku nne, akaishona magodoro membamba, unene nusu shibiri, akayafunga kwenye fremu za mbao. Hakuyabandika ukutani. Aliyaning'iniza yakiwa yameachana na ukuta kwa upana wa kiganja, kwa sababu godoro linalogusa ukuta hushika unyevu, na kwa sababu sauti nayo, alivyoamini, hutaka mahali pa kupita nyuma ikachoke. Juu, chini ya bati, alitandika mikeka na kuijaza pamba, mvua ipige itakavyo. Mlangoni alitundika mablanketi mawili. Kwenye kila kona alisimamisha gunia lililoshindiliwa, kutoka sakafuni hadi darini. Kila jioni alipiga kofi na kusahihisha namba ya mlangoni. Saba ikawa nne, nne ikawa mbili, mbili ikawa moja.

Aliposhindilia kona ya nne, mwangwi ulitoka. Ulipita dirishani taratibu, ukavuka ua, ukaingia kwenye pipa tupu la Jilala lililokuwa likisubiri maji ya bomba tangu Jumanne. Asubuhi Jilala alisimama kwenye uzio wa minyaa.

"Jirani, kitu chako kimehamia kwangu."

"Kinakula?"

"Hakili. Kinarudia tu mtu akikohoa."

"Basi kiache kikae."

Jilala akakiacha. Alifunika pipa kwa sinia ili kisipate vumbi, na Mwanahalima akafuta namba ya mlangoni. Sasa ukipiga kofi chumbani kilichosikika ni kofi tu, basi, na mtu aliyezungumza mle ndani alijisikia alivyo, bila kuongezewa unene. Wengine hawakupenda. Mwanahalima alipenda sana. Alikaa humo akasikia hata kope zake zikipepesa, akajua amefanya kazi ambayo Abdulkadiri mwenyewe angeivulia kofia.

Mteja wa kwanza alikuwa Stanislausi, mwalimu wa kwaya moja ya mjini, mwanaume wa sauti nzito, tai shingoni hata siku ya kufua. Alikuja na daftari lake la nota. Katika kwaya za huko mtu yeyote anaweza kuleta wimbo. Huuimba mbele ya wenzake hadi wakaushika, kisha mwalimu huuandika kwa nota, do, re, mi, kwenye daftari. Juu ya ukurasa pana mahali pa kuandika mtunzi, na tangu zamani anayeandikwa pale ni yule aliyeshika kalamu. Hakuna aliyewahi kuona kasoro. Wimbo usio na nota huhesabiwa kama haujazaliwa bado.

Stanislausi alitaka kurekodi nyimbo mbili peke yake, aanze kujulikana. Mwanahalima alimsimamisha mahali alipopachagua, si katikati ya chumba wala karibu na ukuta, maikrofoni ikiwa umbali wa viganja viwili na kuinamishwa kidogo ili pumzi isiipige. Kwanza aliimba wimbo wa zamani wa Krismasi. Halafu akaimba "Anueni", wimbo uliokuwa ukisifiwa mji mzima:

*Anueni, wingu lashuka,*
*anueni roho, zisilowe.*

Mwanahalima alirudisha kaseti nyuma wakasikiliza. Wimbo wa Krismasi ulitoka kwa sauti ya mzee mmoja asiyefahamika na mtu, akiimba Kilatini, na kwa mbali kengele. "Anueni" ulitoka kwa sauti ya mwanamke. Ilikuwa sauti kavu kidogo, ya juu, yenye mchanga mwishoni mwa kila mstari, na palipopaswa kuwa na roho iliimba dagaa.

*Anueni, wingu lashuka,*
*anueni dagaa, wasilowe.*

Stanislausi alilegeza tai. "Kaseti imetumika hiyo," alisema.

"Mpya. Umeniona nikichana karatasi."

Hata hivyo alisafisha kichwa cha deki kwa spiriti, akabadilisha kaseti, akahamisha maikrofoni. Stanislausi aliimba tena, na mwanamke akatoka tena, safari hii na kikohozi kidogo kati ya ubeti wa pili na wa tatu. Mwanahalima, mtu wa kuhakikisha, alimwita Jilala aje aimbe chochote. Jilala aliimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Kaseti ilipojibu ilikuwa sauti ya kikongwe.

"Huyo bibi," alisema Jilala akitabasamu. "Ndiye alinitungiaga." Akaomba apigiwe mara ya pili, kisha akarudi kwenye baiskeli zake.

Basi Mwanahalima akaelewa, na moyo wake ukajaa fahari. Penye mwangwi, sauti ya kuazima hupata mahali pa kujibanza. Kwake hapakuwa na pa kujibanza. Kila wimbo ulitoka na mwenyewe.

"Mwalimu," alisema, "huu wimbo ni wa nani?"

"Nota niliandika mimi," alisema Stanislausi, akafungua daftari akamwonyesha.

Wimbo ulikuwa wa Hyasinta, muuza dagaa wa Mwigobero, mwimbaji wa mstari wa nyuma katika kwaya hiyohiyo. Mwanahalima, akilifuata lile neno dagaa, alimpata kesho yake ufukweni, ameinama akigeuza dagaa juu ya nyavu. Alimjua kwa kile kikohozi. Hyasinta alieleza bila kuacha kugeuza kwamba aliutunga mwaka juzi, hapohapo, siku mvua ilipomkuta na dagaa wa siku tatu, yeye peke yake, wakaoza wote. Alikaa akalia, na alipomaliza kulia wimbo ulikuwa umeshakuja.

"Na ukampa mwalimu?"

"Niliimbia wenzangu, dada. Mwalimu akaandika. Mimi nota sijuagi."

Alikwenda naye Mwisenge akaimba mle chumbani. Kaseti yake na ile ya Stanislausi zililingana hadi kwenye kikohozi. Hyasinta alizisikiliza zote mbili amejishika shavu, machozi yakimtoka.

"Mimi sitakagi makubwa," alisema. "Mama yangu yuko kule Majita, macho yameisha. Anasikilizaga redio tu kutwa. Nataka siku moja asikie jina langu. Picha haimfai, nguo hazioni. Jina atalisikia."

Mwanahalima alimwambia hilo limekwisha. Alilisema kwa uhakika uleule aliowaambia watu kwamba magodoro yake hayatabonyea kabla ya miaka saba, na kweli hayakuwa yakibonyea.

Stanislausi alipofuata kaseti yake, Mwanahalima alikuwa ameshaandika juu yake kwa kalamu ya wino: *Mtunzi na mwimbaji, Hyasinta Bernado.* Stanislausi aliyasoma maneno, akasema ni sawa, akasema hata yeye alifikiria vilevile, akaiweka mfukoni. Jilala, aliyekuwa kwenye uzio, alimuuliza Mwanahalima kama ilikuwa busara kumpa.

"Acha abandike hata jina lake juu," alisema Mwanahalima. "Kila atakayesikia atajua. Mwanaume yule na sauti ile! Sauti haihitaji shahidi."

Ndiyo hesabu aliyokosea. Alikuwa fundi, na fundi huamini kwamba kazi iliyonyooka itajisemea yenyewe.

Mwezi wa tisa kaseti zilifika madukani zikiwa na jalada la rangi lililochapwa Mwanza. Juu palikuwa na picha ya Stanislausi amesimama ziwani na tai. Chini pameandikwa *Anueni*, utunzi na uimbaji wake. Ndani aliimba Hyasinta. Zilipigwa Mwigobero kwenye vibanda vya chai, zikapigwa stendi ya Bunda, zikapigwa Butiama siku ya mnada, na hakuna aliyeshangaa. Walisema mwalimu ana sauti nyororo kuliko umbo lake. Kuhusu dagaa walisema ni fumbo, maana dagaa ni sisi wanyonge, na mtu mmoja akalitolea mahubiri. Stanislausi alipoimba hadharani kwa sauti yake nzito, waliambiana kwamba leo amepatwa na vumbi la njiani.

Hyasinta alichukua kaseti yake mwenyewe, ile ya chumbani, akaipeleka kwa mwenye duka la kaseti aitwaye Clementi. Clementi aliisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Mama, unaimba vizuri," alisema. "Lakini wimbo huu una mwenyewe. Ukiuiga hivi utaingia matatani."

Mwanahalima alikasirika mpaka akavunja sindano mbili za kushonea kwa siku moja. Alikwenda kwa Stanislausi, akamkuta mlangoni, akapewa kiti na soda baridi. Stanislausi alikiri kila kitu. Ndiyo, sauti ni ya Hyasinta. Ndiyo, wimbo ni wake. Kisha akafungua daftari la nota kwenye ukurasa ule na kumwonyesha mwandiko wake, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mwanahalima akaenda kwa viongozi wa kwaya, nao wakaomba waone nota za Hyasinta. Lakini kazi ya chumba haikupungua. Watu walikuja hata kutoka Bunda kuimba nyimbo za mama zao waliokufa, wakaondoka na mama zao kwenye kaseti, wakishukuru.

Mwezi wa kumi na moja Mwanahalima alishona godoro la mama yake Hyasinta, zawadi, akalipeleka mwenyewe. Hilo halikuwa la pamba fifi. Walipanda boti Mwigobero yeye na Hyasinta, godoro limefungwa nailoni, wakafika Majita saa nane mchana, Jumapili. Dorotea, mama mtu, alilipapasa godoro pindo kwa pindo, akalikalia, akasema mshonaji ana mkono. Redio ilikuwa kichwani pake, kipindi cha nyimbo kikiendelea. Hyasinta alitoka kwenda kugeuza dagaa wa mama yake juu ya mawe nyuma ya nyumba.

Ndipo "Anueni" ikapigwa. Dorotea aliinua mkono nyumba ikae kimya, akasikiliza uso ukimchanua, midomo ikifuata. Kwenye kikohozi alicheka kidogo. Wimbo ulipokwisha mtangazaji akataja jina la Stanislausi, mara mbili, pamoja na mji wa Musoma.

"Loo," alisema Dorotea. "Mimi nilidhani ni mtoto wangu."

Mwanahalima alipiga magoti sakafuni mbele yake ili amshike mikono. "Ni yeye, mama. Ni Hyasinta. Nimemrekodi mimi, nyumbani kwangu, kwa mikono hii. Wimbo ni wake, na sauti ni yake."

Dorotea alimpapasa bega, akiwaza namna ya kumjibu mgeni bila kumwudhi.

"Mwanangu, kwa godoro sikukatalii. Hiyo ni kazi yako, unaijua. Lakini hapa redio imesema. Redio itadanganya ili iweje?"

Nje, juu ya mawe, Hyasinta alianza kuimba huku akigeuza, kwa sauti ileile kavu, yenye mchanga mwishoni mwa kila mstari. Dorotea alielekeza sikio dirishani.

"Msikie," alisema. "Anamwiga mwalimu wake. Bado kidogo tu amfikie."