Mkalimani wa Kasuku

Miaka thelathini nimeendesha malori, na meno mawili ya mbele niliyaacha kwenye usukani. Shule niliisoma vipande vipande, ila lugha za njiani nilizishika. Kwenye kila mpaka mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa wenzangu. Kwa hiyo nilipohamia kwa binti yangu na kumkuta mjukuu wa miaka sita asiyeeleweka na mtu, nikajua kazi nimepata.

Tulimwita Kasuku, maana mdomo wake haukuwa na breki. Tatizo ni K. Kila penye K aliweka T. Kikombe kilikuwa titombe, na yeye mwenyewe alikuwa Tasutu. Wiki mbili tu nikawa namwelewa kuliko mama yake. Dukani anasema, natafsiri. Kwa jirani anasema, natafsiri. Nikajiona bingwa.

Kisha mwalimu mkuu akatuita.

"Siku ya kufungua shule atanisimulia jambo, peke yake," akasema. "Nikimwelewa, anaingia darasa la kwanza. Nisipomwelewa, abaki chekechea mwaka mwingine na wenzake waende."

Kasuku alikuwa pale pale mlangoni. Tulipofika nyumbani alichukua sare mpya aliyonunuliwa na mama yake, akaificha chini ya godoro isije ikarudishwa dukani.

Binti yangu akatupeleka hospitali, kwa mtaalamu wa matamshi. Alikuwa dada kijana tu, chumba chake mwisho wa korido: kioo kikubwa ukutani, viti vifupi, mkeka, boksi la picha.

"Jana ulicheza nini?" akamuuliza Kasuku.

Kasuku akajibu.

"Anasema aliruka kamba na mtoto wa jirani," nikasema.

Yule dada akaweka kalamu chini. "Babu, nimemuuliza yeye."

"Sasa mwanangu, nisipomsemea nani atamwelewa?"

"Hilo ndilo tunalolitafuta hapa. Tatizo hukulileta wewe. Ila unalifunika vizuri mno, hata yeye halioni."

Binti yangu akageukia dirishani ili nisimwone anavyocheka.

Tulianza na masikio, siyo ulimi. Mtaalamu alitandaza picha ya taa na picha ya kaa mwenye magando, akawa anataja moja, Kasuku anaonyesha. Alipozoea, zamu ikawa yangu.

"Babu, kazi yako ni kukosea."

"Hiyo naiweza bila mafunzo," nikasema.

Nikataja titombe, nikaita kuku tutu, na kila nikikosea Kasuku anapiga meza kwa kiganja. Sijawahi kuona mtoto anafurahia kumsahihisha mtu mzima namna ile. Hata mezani nyumbani alikuwa ananivizia.

Kisha ikaja sauti yenyewe. Mtaalamu alimlaza chali mkekani, mdomo wazi, ulimi urudi nyuma wenyewe. Akatupa maji tusukutue kooni. Nami nikalala pembeni yake, mgongo ukalia kama bodi ya lori, maji yakanipalia.

"Babu anatufa," Kasuku akasema, akacheka mpaka akakohoa. Na katika kule kukohoa ikatoka: K. Kavu, kama kijiti kinachovunjika.

"Hapo hapo," mtaalamu akasema. "Weka kidole kooni, hapa nje. Umesikia inapokaa? Irudie."

Akairudia mara nne mbele ya kioo. Mimi nilishataka tuingie kwenye hadithi.

"Mzee, wewe unaondoka kwenye maegesho na gia ya nne?" mtaalamu akaniuliza.

Nikarudi mkekani. Tukakaa kwenye ka, ko, ku wiki mbili, dakika kumi kila asubuhi. Ndipo maneno, ndipo sentensi. Na mimi nikapigwa marufuku kutafsiri, popote pale. Dukani nilikuwa nasimama nje nikihesabu mawe.

Siku ikafika. Sare ilikuwa na mikunjo ya godoro ambayo pasi ilishindwa kuitoa. Mwalimu mkuu alivaa miwani, akafungua daftari.

"Haya, nisimulie."

"Paka alikuja jikoni," Kasuku akaanza. "Akaruka mezani. Akaangusha titombe."

Mwalimu mkuu akainua kichwa. "Akaangusha nini?"

Kasuku akanigeukia, kama alivyozoea. Mdomo wangu ulishafunguka. Binti yangu akanikanyaga mguu, nami nikatazama dari nikaanza kuhesabu mbao. Nilifika ya saba. Nilipoteremsha macho, kidole cha Kasuku kilikuwa kooni.

"Ki," akasema. "Ki-ko-mbe. Kikombe. Akaangusha kikombe cha Babu, akakimbia."

"Kikavunjika?"

"Kikavunjika vipande vikubwa. Babu akamfukuza paka na kandambili."

Mwalimu mkuu akacheka, akageuza ukurasa, akaandika. "Darasa la kwanza, chumba namba mbili. Na jina lako la nyumbani?"

"Kasuku." K zote mbili, moja baada ya nyingine, bila kidole.

"Hongera, mzee," mwalimu mkuu akaniambia. "Kazi mmeifanya."

Nilitaka kumshukuru kiutu uzima. Lakini niliyasema yote kwa pumzi moja, meno ya mbele sina, na kilichotoka kilikuwa uji mtupu.

"Samahani, mzee, umesemaje?"

Kasuku akavuta sketi yake ikae sawa.

"Anasema anashukuru," akamwambia. "Ukikaa naye kidogo utamzoea."