Hedifoni Zisizovuja

Jamani, kuna kuposwa na kuposwa. Bernadina aliposwa ndani ya basi, mbele ya abiria wote wa siti za nyuma, na mposaji mwenyewe wala hakuwemo.

Ilikuwa hivi. Stanslaus ni fundi wa pampu zinazovuta maji kwenye mashimo ya dhahabu kule Geita. Mashine humtii, ulimi ndio haumtii. Mweke mbele ya mwanamke anayempenda, ataanza kumweleza habari za valvu na mipira iliyochakaa. Mwisho akaona dawa yake ni kaseti. Akajifungia chumbani, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akasema yote yaliyomo moyoni, kisha siku Bernadina alipopeleka mchele wake Geita kuuza, akamtia ile kaseti mkononi. "Sikiliza ukiwa peke yako," akamwambia, akaondoka mbio kama mtu aliyeiba kuku.

Sasa Bernadina ana wokimani yake ya kusikilizia kwaya safarini. Akiwa kwenye basi la kurudi, subira ikamshinda. Akavaa hedifoni zake za sponji, akabonyeza. Injini ikiunguruma hivyo, utafanya nini? Unaongeza sauti. Akaongeza. Akaongeza tena. Walipokaribia Runzewe, mama aliyeketi pembeni yake akamgusa goti. "Dada," akasema, "huyo baba anaongea kwa adabu sana. Mkubalie tu." Na mwanamume wa siti ya nyuma, asiyejulikana hata jina, akadakia: "Akubali ndiyo, lakini kwanza tusikie watakaa wapi!"

Aibu iliyompata! Alizima, akajifunika khanga hadi puani, na kuanzia hapo mpaka anashuka kwake Kagongwa hakumtazama mtu usoni.

Kaseti ikawa imesimama palepale, Stanslaus akisema, "Sasa, Bernadina, kuhusu mahali pa kuishi..." Sentensi hiyo iliishia wapi, hakujua. Na hapo ndipo roho yake iliponing'inia. Kumpenda alimpenda, hilo hakumficha hata Mungu. Lakini Stanslaus akisema "hamia Geita", jibu lingekuwa hapana, hata kama angelia mpaka machozi yamkauke. Sababu haikuwa biashara ya mchele. Sababu ilikuwa Monika.

Monika ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mume alipofariki, ndugu wengine walikuja na maneno yao ya nyumba ni ya ukoo. Monika akasimama mlangoni na mchi mkononi, akawaambia nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe ni huyu anayelia humu ndani, anayebisha asogee. Hakuna aliyesogea. Tangu hapo wanaishi wawili, maana Salvina, binti wa Bernadina, yuko shule ya bweni, wanapeta mchele pamoja, wanagombana kuhusu chumvi, na Monika mwenyewe hana mume wala mtoto. Mtu wa namna hiyo unamwachaje? Na kaseti ile nyumbani isingesikilizwa. Nyumba yenyewe haina dari, na Monika ana masikio ya kusikia paka akikanyaga majani makavu.

Kwa hiyo asubuhi ya siku ya safari nyingine ya Geita, Bernadina aliwahi Kahama, akaweka mizigo yake kwa wakala wa basi, akaenda moja kwa moja dukani kwa Mama Nazir. Basi lilikuwa la mchana. Stanslaus angekuwa anamngoja stendi ya Geita kupokea jibu, na Bernadina hakuwa tayari kushuka kwenye basi bila jibu kama kinyago.

"Shikamoo, Mama Nazir."

"Marahaba, Mama Salvina. Salvina hajambo shuleni?"

"Hajambo. Nataka hedifoni. Nzuri kuliko zote ulizonazo. Nikisikiliza mimi, asisikie mtu mwingine hata akinilalia begani."

Mama Nazir alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na duka lake liliuza kila kitu chenye waya. Jina lake mwenyewe lilikuwa Dolatkhanu, ila Kahama nzima ilimwita kwa jina la mwanawe Nazir, aliyekuwa Dubai na kumletea vitu ambavyo wanunuzi wa dhahabu hupenda kuringia. Akamtazama Bernadina juu ya miwani. Hakuuliza kwa nini. Wenye maduka hawaulizi, wanangoja tu.

"Utavaa wapi?"

"Kwenye basi. Na nyumbani nikipeta."

"Basi hatununui kwa macho. Unavaa, unasikiliza kitu chako mwenyewe, mimi naweka sikio hapa. Nikisikia, haifai."

"Huna kaseti yako ya kujaribia?"

"Ninazo. Lakini nyimbo ni nyimbo na kuongea ni kuongea. Unasikiliza nini, wewe?"

Bernadina akatazama nyuma. Dukani alikuwemo mtu mmoja tu, mzee Clemens, katekista mstaafu wa Ushirombo, aliyekuja kununua betri za redio. "Kuongea," akajibu kwa sauti ya chini.

"Usinijali, binti yangu," akasema mzee Clemens. "Mimi nachagua betri."

Za kwanza zilikuwa za kuvaa kichwani, nyeusi, zinazobana masikio vizuri. Bernadina akarudisha kaseti mwanzo, akabonyeza. Mama Nazir akainamisha kichwa juu ya kaunta, akafumba macho, akasikiliza kama daktari. Kisha akanyanyuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "'Mimi si mtu wa maneno mengi. Lakini tangu siku ile uliponiuliza kama nimekula, sijapata kula vizuri tena.' Hapana. Hizi hazifai."

"Mama Nazir!"

"Si ndiyo nilichosikia? Toa."

Za pili zilikuwa vidude vidogo vya plastiki, vya kutundika sikioni. Mama Nazir hakusikia kitu, akafurahi. "Sasa cheka," akamwamuru. Bernadina akacheka cheko la kulazimisha. "Tafuna." Akatafuna hewa. "Inama, kama unafunga gunia." Akainama, na kile cha sikio la kulia kikachomoka, kikaning'inia kwenye waya hadi usawa wa mzee Clemens.

"'Sijui kama ni ugonjwa,'" mzee akasema polepole, betri mbili mkononi, zote za aina moja. "'Kama ni ugonjwa, usinipe dawa.' Yesu wangu. Huyu kijana alisoma wapi?"

"Mzee Clemens, si ulisema unachagua betri!"

"Ninachagua. Endelea, binti yangu, mimi sisikii kitu."

Bernadina alitaka kukasirika akashindwa, kwa sababu mdomo wake wenyewe ulikuwa unacheka. Mama Nazir hakucheka. Alikuwa ameshaingiwa na hamu, na hamu ya Mama Nazir si mchezo. Akafungua kabati la kioo, lile la wanunuzi wa dhahabu, akatoa kiboksi kilichotandikwa sponji. Ndani yake mlikuwa na hedifoni nyembamba, kila moja na kikofia laini cha mpira mbele, na pembeni vikofia vya akiba, vikubwa na vidogo.

"Hizi za Nazir," akasema. "Haziwekwi juu ya sikio, zinaingia ndani. Bei yake nitakwambia baadaye, usije ukaanguka. Vuta sikio juu, kama mwalimu anavyokuvuta, halafu sukuma."

Vikofia vikubwa vilimuumiza. Vidogo vilicheza. Vya kati vikaingia, na ghafla Kahama ikazimwa. Mashine ya kukoboa iliyokuwa ikipiga kelele ng'ambo ya barabara ikanyamaza. Mama Nazir akawa anafungua mdomo na kufunga bila kutoa neno. Bernadina akacheka, akatafuna, akainama akafunga gunia la kufikirika. Hakikuchomoka kitu. Akabonyeza.

Mayu wane, mama yangu wee! Alidhani ameshamsikia Stanslaus, kumbe alikuwa amemsikia kama mtu aliye ndani ya pipa. Sasa alikuwa naye chumba kimoja. Alisikia kiti kikilia chini yake. Alisikia jogoo nje ya dirisha. Alisikia hata namna alivyokuwa akimeza mate kabla ya neno zito, na mahali fulani, chini kabisa, maneno ambayo wala hayakukusudiwa kwake: "Haya, Stanslaus, sema basi." Moyo ukamlainika hadi akashika kaunta. Mwanamume mzima, peke yake na mashine, anajitia moyo mwenyewe!

Mama Nazir akaweka sikio karibu. Akalisogeza zaidi. Akamtazama mzee Clemens, akatikisa kichwa: hakuna kitu. Ndipo wote wawili wakagundua hasara yao. Hedifoni zilikuwa nzuri mno, na hadithi ilikuwa imefika patamu.

Bernadina alikuwa mbali nao. Alikuwa amefika pale.

"Sasa, Bernadina, kuhusu mahali pa kuishi," Stanslaus akasema, akameza mate. "Kagongwa ndiko kwako. Na najua una wifi yako. Mtu akikutenganisha naye atakuwa amekukata mkono, na mimi sikutaki ukiwa huna mkono. Vifaa vyangu vyote vinaingia kwenye sanduku moja. Nimeuliza, nimeambiwa mashine za kukoboa huko Kagongwa zinaharibika kila mara na fundi hakuna. Kwa hiyo nitakuja mimi. Watu watasema mwanamume amemfuata mwanamke. Waache waseme. Naomba tu wewe uniambie, nije?"

"Njoo," Bernadina akamjibu. "Nimekubali. Stanslaus, nimekubali kabisa."

Kwa masikio yake alikuwa amenong'ona. Angeapa hivyo hata mbele ya padri. Lakini mtu aliyezibwa masikio hajui sauti yake inafika wapi, na ile ilifika mbali. Mzee Clemens aliangusha betri. Kwenye kibanda cha jirani fundi cherehani alinyanyua mguu kutoka kwenye pedeli. Mama Nazir alikuwa akipunga mikono yote miwili, mara anaonyesha mdomo wake, mara anaonyesha mlangoni, na Bernadina akageuka.

Mlangoni alikuwa amesimama Monika, na kikapu mkononi.

Bernadina akachomoa hedifoni. Kelele za Kahama zikamrudia zote kwa pamoja.

"Ulisahau chakula chako cha njiani," akasema Monika. "Nikapanda gari kukuwahi. Wakala akaniambia uko huku."

"Wifi..."

"Nimesikia. Hata sokoni wamesikia. Hongera." Akaweka kikapu juu ya kaunta, taratibu, akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Hicho hapo. Huko Geita unakohamia sijui kama atakuwepo wa kukukimbilia na ugali."

"Sihamii, Monika. Nisikilize."

"Si umekubali? Wewe bado kijana, sikulaumu. Kaka yangu naye asingekulaumu." Alikuwa ameshaanza kugeuka, na uso wake Bernadina aliujua. Ndio ule wa siku ya mazishi, uliokataa kulia mbele za watu.

Kuna watu huwezi kuwaeleza. Bernadina akamshika mkono, akamvuta hadi kwenye kaunta, akamvuta sikio juu kama mwalimu, akasukuma. La pili vilevile. Monika alipinga kwa sekunde mbili, kisha Kahama ikazimika na kwake, akabaki ameduwaa. Bernadina akarudisha kaseti mwanzo, akabonyeza.

Walimtazama wote watatu. Mwanzoni Monika alinuna. Kisha, nadhani pale kwenye habari ya kula, pembe ya mdomo ikamcheza. Akaikaza. Kaseti ikazidi kwenda, na sura yake ikaanza kuporomoka kidogo kidogo, kwa sababu kila neno zuri la mwanamume yule lilikuwa linamchukulia mtu wake. Naye hakujua kwamba anasema kwa mdomo, masikini, alidhani anawaza tu.

"MIMI NITABAKI NA NANI?"

Miaka yote ya kupeta pamoja, Monika hakuwahi kulitamka neno kama lile, wala asingelitamka kamwe kama angejisikia. Bernadina akamshika mabega, lakini Monika hakumwona, macho yalikuwa kwenye kaseti inayozunguka.

Halafu akaacha kupumua. Bernadina akajua amefika wapi. Alifuata maneno yale usoni pa wifi yake, moja baada ya jingine: wifi yako, mkono, sanduku, nitakuja mimi. Machozi ya Monika yakatoka bila kuomba ruhusa. Akayafuta kwa upande wa khanga, akapiga kaunta kofi moja.

"ANAKUJA YEYE!" akamtangazia Mama Nazir, aliyekuwa kafika karibu kabisa naye. "WIFI YANGU HAENDI POPOTE, ANAKUJA YEYE!"

"Alhamdulillahi," akasema Mama Nazir, ambaye hatimaye alikuwa amejua mwisho wa habari. Akachukua kile kiboksi kitupu, akakitia kwenye kikapu cha chakula bila kuuliza, maana mali ilikuwa imeshauzika. Mzee Clemens naye alikuwa anapenga makamasi kwenye leso, akisingizia vumbi la Kahama.

Bernadina akanyoosha mkono achukue hedifoni zake. Monika akaurudisha mkono ule, akashika waya kwa nguvu. Alikuwa bado anasikiliza, na sasa alikuwa amekunja uso kama mtu anayepanga vyumba kichwani. Akanyanyua kidole kumwonyesha Bernadina, na sauti yake ikavuka barabara ikaishinda mashine ya kukoboa.

"LAKINI AJE NA KITANDA CHAKE! CHA KAKA YANGU HAKILALIWI NA MTU!"

Fundi cherehani akapiga makofi. Bernadina akaitikia kwa kichwa, mara tatu, nne, kwa kuwa kusema kungekuwa kazi bure, huku akilia na kucheka kwa wakati mmoja.