Namba Kwenye Kipeperushi

Binti yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Profesa kwa kuwa hajawahi kukosa jibu, alinikalisha mezani Jumapili nzima akinifundisha kusema mimi ni nani. Nina miaka arobaini na saba. Nimefanya kazi ya masoko na mawasiliano miaka kumi na tisa, kumi na sita kati ya hiyo kwenye kiwanda kimoja cha matangi ya maji, mpaka kilipouzwa na wanunuzi wakaja na watu wao. Tangu hapo ni miezi minane. Nilikuwa nimetuma maombi ishirini na sita na kuitwa mara mbili. Hii ilikuwa mara ya pili: kiwanda cha magodoro, nafasi ya afisa mawasiliano. Niliitaka kazi ile kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuandika ombi la ishirini na saba.

Walitaka kila mwombaji aje na maelezo ya dakika kumi kuhusu ujuzi wake. Niliandika ukurasa mmoja. Nilisema nimeandika matangazo ya redio, vipeperushi, hotuba za wakurugenzi na majibu kwa magazeti, nimesimamia mabanda kwenye maonyesho ya biashara, nina stashahada. Profesa aliusoma, akaurudisha mezani kama mtu aliyeonjeshwa chai isiyo na sukari.

"Mama, hii ni orodha ya kwenda nayo dukani," alisema.

Akafuta yote. Kufika saa kumi na moja jioni nilikuwa mtaalamu wa mikakati mwenye shauku ya kujenga chapa zinazogusa maisha. Nilimuuliza hiyo shauku ameiona wapi humu ndani. Baba yake, aliyekuwa akininyooshea blauzi ya usaili, alicheka hadi nikamwambia aangalie pasi.

Kisha Profesa akanipa onyo. Wakiniuliza kosa langu kubwa kazini, niseme napenda kazi kupita kiasi. Habari ya namba nisiitaje hata kwa bahati mbaya.

Habari ya namba ni hii. Miaka kumi na miwili iliyopita nilikuwa natengeneza kipeperushi cha matangi. Idara ya mauzo ilikuwa imeahidi kunipa namba mpya ya simu ya wateja, ikachelewa, kama kawaida yake. Ili nione mistari inakaaje, nikaweka namba yangu mwenyewe, nikijua nitaibadilisha. Kila mtu wa kazi yetu hufanya hivyo. Mauzo wakaendelea kuchelewa, mchapaji akaja kuchukua kazi, na mimi nikampa. Vipeperushi elfu ishirini vikaenda madukani na namba yangu ya mkononi, kwa herufi nene, chini ya picha ya tangi.

Simu ya kwanza iliingia nikiwa namwogesha mtoto. Mzee mmoja alitaka kujua kama tangi lake litapasuka juani. Nikamjibu. Maji yalikuwa yameshamwagika, nami sikuwa na moyo wa kwenda kumwambia bosi. Nilijibu simu zile miaka mitatu na miezi minne. Watoto wangu walijua kuuliza "la lita ngapi, mzee?" kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Siku moja baba watoto aliuza matangi matatu nikiwa bafuni, na hadi leo anajisifu.

Usaili ulikuwa Jumanne asubuhi. Tulikuwa sita tumepangwa kwenye viti vya ukutani, na wenzangu wote wangeweza kuniamkia shikamoo, na wawili waliniamkia kweli. Chumba chenyewe kilikuwa na meza ndefu, kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo, na vipande vya godoro vilivyokatwa kuonyesha tabaka zake, kama mkate. Nyuma ya meza walikaa watatu: mkurugenzi, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba; meneja masoko, kijana aliyevaa suti ya kubana; na afisa utumishi, aliyekuwa akiandika tu.

Nilianza vizuri. Nilisema ile shauku bila kucheka. Dakika ya nne mkurugenzi alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu yake. Dakika ya sita nikaonyesha ukutani, kwa projekta, ukurasa wenye miduara mitatu iliyoingiliana, na meneja masoko akaniuliza, kwa heshima kabisa, hapo katikati inapokutana kuna maana gani.

Nilitazama ile miduara. Profesa alikuwa amenieleza mara mbili. Nilikuwa nimeamka saa kumi kupika, kufua na kumtafutia mdogo soksi, na kichwani hamkuwa na kitu.

"Sijui," nilisema. "Ameichora binti yangu."

Afisa utumishi akaacha kuandika. Mkurugenzi aliweka simu chini na kuvaa miwani. Akasema basi tuachane na ukuta, nimweleze ninachokijua mimi. Na tuanzie kosa: kosa gani kubwa nimewahi kulifanya katika kazi hii?

Ningeweza kusema napenda kazi kupita kiasi. Lakini nilikuwa nimeshachoka kuwa yule mtu wa kwenye karatasi, na isitoshe nilikuwa nimeshaharibu. Nikawasimulia habari ya namba yote, tangu mchapaji hadi bafuni. Meneja masoko alicheka hadi akatoa leso. Mkurugenzi hakucheka.

"Mwajiri wako alijua?"

"Hakujua."

"Miaka mitatu yote?"

"Na miezi minne."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa. Nilikuwa na mimba ya mtoto wa tatu na nimechoka. Kupokea simu kulikuwa rahisi kuliko kukiri."

Akauliza watu walikuwa wanapiga kuulizia nini. Hapo sikuhitaji ukuta. Nilimwambia kipeperushi changu kilisifia plastiki ya tabaka tatu, na katika miaka yote ile hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza tabaka. Waliuliza kama mfuniko unafunga vizuri mtoto asitumbukie. Waliuliza nani atalipandisha juu. Zaidi ya yote waliuliza kama litapita getini. Tangazo lililofuata nikaandika upana wa tangi juu kabisa, kabla hata ya jina la kampuni. Bosi aliona ni ushamba, lakini simu za geti zikakoma, na matangi yakatoka.

Wakanishukuru. Nikarudi nyumbani, nikavua viatu mlangoni, nikalala na blauzi yangu.

Alhamisi afisa utumishi alipiga. Alinyoosha maneno: nafasi ya afisa mawasiliano amepewa mwingine. Mkurugenzi alikuwa amesema hawezi kumkabidhi sauti ya kampuni mtu aliyeficha kosa miaka mitatu. Ila kuna dawati la simu za wateja, halina mtu, na mkurugenzi angependa nilichukue. Nikaomba nijibu kesho.

Profesa alipandwa na hasira hadi akasimama. Miaka kumi na tisa, alisema, halafu wanakuweka kupokea simu? Si nilikwambia usiitaje?

"Ulinambia," nilisema. "Na mkurugenzi kasema kweli. Nilificha."

"Ndiyo ukubali?"

Baba yake akamwambia polepole kwamba mama yake alikuwa akipokea simu za watu bure, sasa angalau atakaa kwenye kiti. Profesa hakucheka. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani bila kufanya lolote kwa muda wa kuchemka sufuria ya maharage.

Asubuhi sikumpigia afisa utumishi. Nilimtafuta mkurugenzi mwenyewe. Nilimwambia nakubali dawati, kwa sharti moja: kila Ijumaa nikae nusu saa na afisa mawasiliano nimwambie watu wameuliza nini wiki hiyo.

"Robo saa," alisema.

"Robo saa," nilisema.

Nilianza Jumatatu. Simu zilikuwa arobaini hadi sitini kwa siku. Ijumaa saa nane nikapanda ghorofa ya pili na daftari langu. Afisa mawasiliano alikuwa mmoja wa wale wawili walioniamkia siku ya usaili. Akanivutia kiti, akaniita mama, akaniuliza aanze na lipi. Nikamwambia aandike: watu hawaulizi unene wa godoro. Wanauliza kama lile la wageni linakunjika likaingia chini ya kitanda, na kama kojo la mtoto linatoka.

Aliandika yote, neno kwa neno. Alikuwa na mwandiko mzuri.