Redio na Mkaguzi wa Ruzuku

Mama alikuwa amepiga magoti, anamvisha baba viatu vya mpira, na mguu wa kulia ulikataa kuingia. "Sukuma, mzee wangu, sukuma," alimnong'oneza, kana kwamba mkaguzi alikwisha kujificha nyuma ya mlango. Mimi nilisimama na jembe mkononi.

Majirani walimwita baba Redio kwa sababu alikuwa hazimiki. Ukija kuomba chumvi, utahutubiwa kuhusu mbolea kwanza. Kisha kiharusi kikampiga wakati wa palizi, kikachukua mkono wa kulia, mguu na maneno yote. Tangu hapo akawa anatutazama tu. Mimi kitindamimba wake, niliyekuwa nikiziba masikio akianza, ningetoa chochote anihutubie tena.

Mbegu na mbolea zetu zilitokana na ruzuku ya serikali. Mwaka ule wakatangaza kwamba wamechoshwa na wakulima hewa: mwenye jina aonekane shambani mwake, amesimama, na ajibu mwenyewe. Asiyejibu anafutwa. Tungefutwa, mama angemkodisha shamba mfanyabiashara wa mbao, ambaye tayari alikuwa akipita kulipima kwa macho, nasi tungehamia chumba cha uani kwa mjomba.

"Nitasema ana mafua, sauti imemkauka," mama alisema.

"Mafua, mama? Na mdomo umepinda hivi?"

"Hebu nyamaza. Mshike upande ule."

Tukamsimamisha kati ya mistari ya mahindi, bado machanga, kimo cha kiganja. Kwa mbali ungesema ni mtu anapumzika na jembe lake. Kwa karibu, lo! Jasho lilimtiririka na mpini ulitetemeka.

Mkaguzi alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Ukali angalau tungeulalamikia.

"Shikamoo, mzee."

Marahaba haikuja. Mama akaanza habari za mafua, lakini kijana akainua kiganja taratibu. "Samahani, mama. Lazima ajibu mwenyewe. Mzee, umepanda nini msimu huu?"

Akasogea karibu ili asikie, akikatiza mstari. Niliona shingo ya baba inakakamaa. Basi, nikajua anaanguka, tumekwisha. Niliruka kumdaka.

"Mguu!"

Sauti ilitoka imekwaruza, nzito, ya mtu mwenye shamba lake. Baba aliinua jembe kwa ule mkono mzima, akalielekeza kwenye kiatu cha mkaguzi. Chini yake mche ulikuwa umelala.

"Mguu!"

"Samahani, mzee! Samahani sana!" Kijana alirudi nyuma, akachuchumaa, akausimamisha mche na kuukandamizia udongo. Kisha akafuta vidole kwenye suruali na kuandika. "Huyu ni mkulima," alimwambia mama, bila kumtazama usoni.

Mama alicheka mpaka akaketi chini, halafu akalia.

Neno jingine halikurudi. Miaka yote iliyobaki, chai ikipoa, mguu. Akifurahi, mguu. Akiniita mimi, mguu, nami niliitika.

Tulimzika pembeni mwa shamba, mahindi yakiwa machanga vilevile. Waombolezaji walikuwa wengi, wakasongamana, wakaanza kuingia kwenye mistari. Nilijaribu kuvumilia. Nikashindwa.

"Mguu!" nilipaza sauti.

Umati mzima ukarudi nyuma, na mama, kwa mara ya kwanza siku ile, akainua uso.