Upatu wa Sukari

Mnaniuliza kwa nini sikubali tena kusoma kwenye tawi la chama. Haya, nawaambia, lakini mtu akinikatiza nanyanyuka zangu.

Kile kijitabu cha uchumi nilikipenda, nisiseme uongo. Kilikuwa chembamba, kimeandikwa kwa Kiswahili chepesi ili kila mwananchi aelewe nchi inazalishaje na inaibiwaje. Mimi Mektilda, mtu wa Marangu, mshona mashati katika chumba cha kupanga Kariakoo, nikapewa kazi ya kuwasomea watu kila Jumatano alasiri. Watu wazima na mvi zao wananiita mwalimu! Kichwa kilivimba, kwa nini kisivimbe? Ukurasa niliousoma zaidi ulisema bidhaa haziadimiki, bidhaa zinafichwa. Anayeweka ndani zaidi ya mahitaji yake ndiye anayeunyima umma. Nikifika hapo nilikuwa napiga meza kwa kiganja. Ukishakuta rafu tupu duka la ushirika, kuwa na mtu wa kumlaani kunapoza moyo kuliko kuambiwa hakuna.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita na ua mmoja. Wanawake tulikuwa na upatu, si wa fedha, wa sukari. Kila chumba kikipata mgawo, kinamtilia mwenye zamu kidogo, ili mwenye shughuli asiaibike mbele ya wageni. Nilicheza upatu ule miaka miwili, na wala siku moja sikuufikiria pamoja na kile kijitabu. Kijitabu kilikuwa cha tawini, upatu ulikuwa wa nyumbani.

Mwaka themanini na tatu msako wa walanguzi ulipoanza, zamu ilikuwa ya Zamzam. Mumewe Bushiri, fundi baiskeli, alikuwa amefariki, na yeye yuko eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, sisi ndio tunampangia foleni. Hitma ya arobaini ilikuwa Alhamisi, na chumbani kwake mlikuwa na debe zima, kilo kumi na nane.

Jumamosi saa nne asubuhi, Sabaha wa chumba cha mbele akaingia uani mbio, khanga inamvuka.

"Wako nyumba ya pili! Wanapekua mpaka chini ya magodoro!"

Wiki ile watu walikuwa wanamwaga mafuta ya kula mitaroni kwa woga. Lakini Sabaha ana akili, mwacheni. Mjumbe wetu alishatuambia kilo tatu kwa chumba hakuna maswali, basi Sabaha akasema kila mtu achukue tatu, vyumba sita, debe linaisha, na hakuna wa kumgusa Zamzam. Wakaanza kuchota kwa bakuli. Sabaha akaja kwangu na sufuria.

"Mwalimu, fungua. Zako hizi."

"Kwangu usiingize."

"Mektilda, una wazimu? Si sukari uliyoitoa mwenyewe?"

"Mimi ndiye msomaji wa tawi. Ikijulikana nami nimeficha, nitawatazama watu kwa jicho gani?"

"Kilo tatu tu, jamani! Sisi zetu zimeshatimia!"

Nikafunga mlango. Nikamsikia akisonya, kisha ndala zake zikirudi kwa Zamzam na ile sufuria.

Afisa aliyekuja aliitwa Kasmir, ana mgambo wawili na mizani ya kuning'iniza. Aliwahi kunisikia nikisoma, kwa hiyo aliponiona alifurahi.

"Aa, Ndugu Mektilda! Tembea nasi basi, wewe somo unalijua."

Nikatembea nao. Chumba cha Sabaha, kilo tatu, sawa. Cha pili, tatu, sawa. Kila mwanamke alisimama mlangoni kwake akinitazama mimi, hawatazami mgambo. Chumbani kwangu hawakukuta hata chembe, na Kasmir akasema laiti wote wangekuwa hivi.

Tukaingia kwa Zamzam. Alikuwa ameketi mkekani, tasbihi mkononi. Mizani ikasema sita.

"Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Mtu mmoja, kilo sita?"

"Za hitma ya mume wangu."

Angeweza kusema tatu ni za Mektilda, amezikataa. Hakusema. Alitazama mkeka tu.

"Bwana Afisa, huyu yuko eda," Sabaha akalia kutoka mlangoni. "Hatoki nje huyu! Mwogopeni Mungu!"

"Atajieleza kituoni," Kasmir akajibu.

Hapo ndipo roho iliponisuta, nikasema kwa sauti, "Tatu ni zangu."

Kasmir akanigeukia taratibu. Uso wake wa furaha ulikuwa umeondoka.

"Zako, na ziko kwake? Kumbe mlikuwa mnagawana kabla hatujafika." Akafungua daftari. "Nikiandika jina lako, Ndugu, unapanda gari pamoja naye. Niandike?"

Kalamu iko juu ya karatasi. Nikaiona cherehani yangu ikichukuliwa, nikawaona watu wa tawi wakinisengenya. Niliogopa. Sina neno jingine la kuweka hapo, niliogopa.

"Nimekosea," nikasema. "Zangu nilishazitumia."

Zamzam akainua uso akanitazama, mara ya kwanza tangu tuingie.

"Basi, Mwalimu, usijisumbue," akasema. Angenitukana ningeshukuru. Alisema kwa upole, kama mtu anayekataa kuongezewa chai.

Sabaha akamfunika khanga mbili, moja mpaka usoni, huku analia kwa sauti. Mgambo mmoja akabeba debe. Ukumbi wetu ulikuwa mwembamba na mlango wa mbele ulikuwa na tabia ya kujifunga wenyewe. Siku ya thelathini na tano ya eda yake Zamzam alivuka kizingiti, akapandishwa Landrova mbele ya mtaa mzima, na mimi ndiye niliyewashikia mlango ili wapite.