Mahali Mistari Inapokatana

"Wawili wametoka kwao, hawapindi kushoto wala kulia. Wakikutana mara moja, hawakutani tena. Ni nani?"

Nilimtegea mjukuu wangu Danielle asubuhi ile, akiwa mezani na karatasi yake ya miraba.

"Mistari miwili iliyonyooka, Kambo," akajibu bila kuinua kichwa. "Ile ni miye nilikufundisha jana. Tega ingine!"

Tukacheka. Baba yake, mwanangu Rolly, hakucheka. Alikuwa anavaa buti aende kwenye shimo la madini wanalochimba na mwenzake Carlos, upande wa Shinkolobwe. Karibu na shimo lao kuna shimo la zamani, wenyewe walishaliacha, limejaa maji tangu mvua. Wale wa zamani walichimba njia ya chini kuja upande huu. Rolly na Carlos wanachimba kwenda upande ule; njia zikikutana, maji yatawafuata. Kila nikikumbuka hiyo, chai inanishinda.

"Mama, usiogope. Mutoto alishachora."

Ni kweli. Alimpa binti vipimo: kina cha kila shimo, umbali, na namna kila njia inavyoinama. Danielle akaandika milinganyo miwili, akachora mistari yake. Ilikatana mbali, kulekule kwa watu wa zamani. Tukalala usingizi.

Lakini sasa Danielle alikuwa ameirudia ile karatasi, na ameacha kutafuna kalamu.

"Papa, kina ya ile shimo ya zamani mulipima namna gani?"

"Na kamba. Unafunga jiwe, unashusha toka mudomo wa shimo. Bachimbaji bote banafanyaka vile."

"Na mudomo yabo na mudomo yenu iko sawasawa? Ukitoka kwenu kwenda kwabo, unapandaka?"

Rolly akasita, buti moja mkononi. "Tunapanda kidogo. Ni kule tunaanikaka manguo, kuko jua."

Danielle akafuta mstari mmoja. Hata mimi na shule yangu ya msingi nikaona: mdomo wa shimo la zamani ukapanda, mstari wake wote ukapanda nao, na pale pa kukutana pakateleza, pakateleza, mpaka karibu na shimo letu. Akaweka nukta.

"Ukuta," Rolly akasema polepole. "Ukuta inatoka jasho tangu juzi. Carlos alisema ni joto."

"Carlos iko wapi?" nikauliza.

"Alitangulia."

Akapiga simu. Chini ya ardhi simu haiingii. Akatoka na buti moja mguuni, nikamsikia barabarani akimwita mwenye pikipiki kwa heshima: "Grand, haraka!"

"Nilianzisha yote mbili kwa zero moja, Kambo, sawa vile midomo yote iko sawasawa," Danielle akasema. Nikamkumbatia. Vitendawili vyote vikanitoka kichwani.

Walirudi mchana, Carlos ametapakaa matope hadi kwenye nyusi. Rolly alimvuta kwa kamba. Walikuwa bado wanahema pale juu waliposikia chini kunanguruma, kisha maji meusi yakapanda shimoni. Nikawapikia bukari, ugali wetu. Carlos akala huku analia. Nikamwambia Rolly shamba letu la Kapolowe limejaa nyasi, linangoja mtu.

Rolly alinawa mikono, akaigeuza ile karatasi upande mweupe, akaisukuma mbele ya binti yake.

"Chora ingine, mama. Tuko na fasi ingine ya kuchimba, kule chini. Weye chora mistari isikutane."

Danielle akaishika kalamu.

"Na nikikosea tena, Papa?"

Carlos akaacha kutafuna. Rolly akainamia sahani yake, akala mpaka ikabaki tupu.