Kiraka cha Nzuki

Opicho alikuwa na mikono mizuri, lakini kungoja hakujui. Kazi yake ilikuwa kuziba pancha za mikokoteni hapo soko la Gikomba, na tyubu ya Nzuki, msukuma mkokoteni, ilikuwa imerudi tena, kiraka kimebanduka kama ganda la ndizi.

"Ikirudi tena, kesho usikuje," Kweyu, mwenye kibanda, akasema. Hakupaza sauti. Hiyo ndiyo ilimtisha Opicho.

Akapiga tyubu msasa, akaweka kiraka kibichi cha raba, akakibana na pistoni kuukuu ya injini, yenye shimo kama kikombe, akamwaga petroli kidogo ndani ya pistoni, akawasha. Halafu, kama kawaida yake, akashika kopo la maji azime moto haraka.

"We, wacha hayo maji!" Ni Khadro, msichana wa Fomu Tatu aliyekuwa anauza marinda ya mitumba na mamake hapo kando, kitabu cha kemia magotini. "Kila siku unazima kabla kazi iishe."

"Wewe na pancha mmejuana lini?"

"Raba ni nyuzi ndefu za atomi, mshamba wewe. Na kwa kiraka kuna salfa. Atomi ya salfa imepungukiwa na elektroni mbili, so inashika uzi wa tyubu huku, wa kiraka huku. Kila upande uzi unaleta elektroni moja, salfa moja, wanatumia zote mbili pamoja. Ni kama majirani wawili na jiko moja. Huyu kaleta makaa, yule kaleta makaa. Nani atahama na jiko?"

"Hakuna."

"Basi. Lakini bila joto hawaanzi kuchangiana. Wewe unawamwagia maji wakiwa bado wanasalimiana!"

Opicho akacheka kwa aibu. Akaweka kopo chini, akakalia mikono yake. Moto ukafa wenyewe. Pistoni ikapoa yenyewe. Akajaribu kung'oa kiraka na kucha. Kikakataa.

Jioni Nzuki akapita mbio na mkokoteni, robota za mitumba zimejaa hadi juu. "Opicho! Kiraka kimeshika! Leo umekula nini?" Hakusimama.

Kweyu akaliangalia lile gurudumu mpaka likapotea, akamrushia Opicho ufunguo wa kibanda. "Kesho ufungue mapema."

Opicho akaenda moja kwa moja kwa Khadro.

"Asante. Walimu walinichapa juu ya hii kemia mpaka nikahepa shule. Hakuna aliniambia hivyo. Asante sana, nimesema."

"Nimesikia. Unataka nini tena?"

Akavuta tairi kuukuu, akakaa.

"Fungua ukurasa mwingine. Soma kwa sauti."